Paroko anasema hapana, mhadhiri anasema ndiyo: nani aliandika Torati?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Mimi ni katekista katika parokia ya kijijini, huu ni mwaka wa 11. Siku hizi nasoma kozi ya teolojia ya walei wakati wa likizo. Padre anayetufundisha Maandiko alituambia kwamba Musa hakuandika vile vitabu vitano vinavyoitwa vya Musa, na kwamba kwa wasomi Wakatoliki hilo si siri. Niliporudi nyumbani nikawaambia wakatekumeni wangu, yaani wanaojiandaa kubatizwa. Habari zikamfikia paroko, mzee wa heshima aliyenilea kiimani. Akaniita, akanifungulia kitabu chake cha seminari: Tume ya Kipapa ya Biblia ilikwisha kuamua mwaka 1906 kwamba mwandishi ni Musa. Akaniambia niachane na mambo ya wazushi. Nani mkweli? Na kama Kanisa lilikataza jambo hili kisha likaliruhusu, nitawaambiaje watu waliamini katika mengine?

JIBU: Milele amina, ndugu yangu katekista.

Nianze kwa kukutua mzigo. Paroko wako hakukudanganya, na padre anayewafundisha hakukudanganya. Kitabu kile cha seminari kinasema kweli: tarehe 27 Juni 1906 Tume ya Kipapa ya Biblia ilijibu kwamba hoja za wahakiki, yaani wasomi wanaochunguza asili ya maandiko ya Biblia, hazitoshi kukanusha kuwa Torati ni kazi ya Musa. Mhadhiri wenu naye anasema kweli: wasomi Wakatoliki wa leo kwa kawaida wanafundisha kwamba Torati ilikua kwa karne nyingi na kupita katika mikono ya watu wengi. Kati ya kauli hizo mbili kuna kisa cha viapo, vitabu vilivyopigwa marufuku na mapadre walionyamazishwa, na Kanisa letu limekisimulia kwa sauti ya chini mno. Naamini sauti hiyo ya chini ndiyo iliyokufikisha ofisini kwa paroko. Vumilia nikusimulie, maana swali lako la pili halijibiki bila kisa hiki.

Kwanza tuitazame Torati yenyewe. Fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 34. Musa anafariki katika nchi ya Moabu, anazikwa bondeni, na msimulizi anasema hapana mtu ajuaye kaburi lake hata leo. Aliyeandika "hata leo" alikuwa mbali sana na siku ya msiba ule. Nenda Hesabu 12:3, tunaambiwa Musa alikuwa mpole kuliko wanadamu wote. Mtu mpole hajisifu hivyo kwa kalamu yake mwenyewe. Kisha Mwanzo 36:31, wanatajwa wafalme waliotawala Edomu kabla Israeli haijapata mfalme. Anayeandika hivyo anajua kwamba Israeli ilikuja kupata wafalme, na Musa alikuwa amekwisha kufa zamani kabla ya Sauli. Halafu weka Mwanzo 1 na Mwanzo 2 kando kwa kando. Katika sura ya kwanza mimea inatangulia, wanyama wanafuata, na mwisho binadamu anaumbwa, mume na mke pamoja. Katika ya pili mwanamume anaumbwa wakati kondeni bado hakuna mche, wanyama wanakuja baada yake, na mwanamke anakuja mwisho. Hata namna ya kumtaja Mungu inabadilika.

Hakuna aliyebuni mambo haya ili kulivunja Kanisa. Yamo humo humo kitabuni, na wasomaji makini waliyaona zamani. Padre Mfaransa Richard Simon aliyaandika mwaka 1678. Askofu Bossuet alihakikisha kitabu hicho kinateketezwa, na Simon akafukuzwa katika shirika lake. Kwa hiyo ugomvi huu ni wa zamani kuliko parokia zetu zote.

Ulipamba moto mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1878 Mprotestanti wa Ujerumani, Julius Wellhausen, alipanga vizuri nadharia ya kwamba Torati imesukwa kutokana na nyaraka nne za nyakati tofauti. Wasomi Wakatoliki wakasoma, wakajiuliza: je, sisi tutasema nini?

Hapa tuwe waadilifu kwa waliokuwa na hofu, maana hofu yao haikuwa ya bure. Mwaka 1870 Papa alipoteza mji wa Roma mikononi mwa jeshi la Italia. Kule Ufaransa Ernest Renan, aliyekuwa mseminari, alitoa mwaka 1863 kitabu cha maisha ya Yesu kilichomfanya Bwana kuwa mtu mwema wa Galilaya na si zaidi, na watu wakakinunua kwa wingi. Mwaka 1905 serikali ya Ufaransa ikajitenga rasmi na Kanisa. Aliyeketi Roma na kutazama haya yote aliona nyumba inayoungua kila upande. Na Papa Pius X, aliyekuja kuchukua hatua kali kuliko wote, hakuwa mtu katili. Alizaliwa katika familia maskini kijijini Riese, akafanya kazi ya parokia kwa miaka mingi. Ndiye aliyewafungulia watoto wadogo Komunyo ya kwanza mwaka 1910, jambo ambalo wewe katekista unakula matunda yake kila mwaka. Alichokiogopa ni kwamba Mkristo wa kawaida atanyang'anywa imani yake na watu waliosoma. Mimi hofu hiyo naiheshimu. Hatua zilizotokana nayo ndizo zinazonisikitisha.

Aliyewasha moto ni padre Alfred Loisy. Alizaliwa mwaka 1857 katika jimbo la Marne, akawa mwalimu wa Kiebrania na Maandiko katika Taasisi ya Kikatoliki ya Paris, na mwaka 1893 akaondolewa kazini kwa sababu ya maoni yake juu ya Biblia. Novemba mwaka huohuo Papa Leo XIII alitoa waraka Providentissimus Deus, ulioruhusu elimu ya lugha na historia lakini ukaweka mipaka myembamba. Mwaka 1902 Loisy akatoa kitabu kidogo kuhusu Injili na Kanisa. Alikuwa anamjibu Mprotestanti Adolf von Harnack, aliyedai kwamba kiini cha Ukristo ni Mungu Baba na roho ya mtu mmojammoja, na kwamba Kanisa na ibada zake viliongezwa baadaye. Loisy akasema hapana, mbegu haiwezi kulaumiwa kwa kuwa mti. Humo ndimo mna sentensi yake maarufu: Yesu alitangaza ufalme, na kilichokuja ni Kanisa. Kwake ilikuwa utetezi, lakini wengi waliisoma kama dhihaka. Askofu mkuu wa Paris akakipiga marufuku kitabu hicho Januari 1903, na Desemba vitabu vyake vitano vikawekwa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa.

Mwaka uliofuata Loisy alimwandikia Papa barua akiomba asikilizwe kwa moyo wa kibaba. Papa akajibu kupitia askofu mkuu kwamba barua ile iliyoelekezwa kwa moyo wake haikutoka moyoni. Nimewafundisha wanafunzi wengi kisa hiki, na kila mara wakifika hapa darasa hunyamaza. Kwa upande mmoja tunaona Papa anayemsukuma mtu nje ya mlango. Kwa upande mwingine, Loisy mwenyewe alikuja kuandika katika kumbukumbu zake kwamba tangu miaka ya 1880 imani yake katika mafundisho mengi ilikuwa imekwisha kutikisika. Kwa maneno mengine, Papa alihisi jambo la kweli. Tarehe 7 Machi 1908, siku ambayo kalenda ya wakati ule ilimkumbuka Mtakatifu Thomas wa Akwino, Loisy alitengwa na Kanisa kwa daraja la juu kabisa, lile la mtu wa kuepukwa na waamini. Akaenda kufundisha historia ya dini katika Collège de France, akafariki mwaka 1940 bila kurudi.

Lakini wavu uliotupwa kumnasa Loisy ulimnasa na mtu mwingine, na huyu ndiye ninayetaka umfahamu.

Marie-Joseph Lagrange alikuwa Mdominikani. Mwaka 1890 wakubwa wake walimtuma Yerusalemu aanzishe shule ya Biblia. Hakukuwa na fedha wala majengo. Kiwanja chao kilikuwa na machinjio ya zamani ya mji, na humo ndimo darasa lilipofunguliwa tarehe 15 Novemba, pete za kufungia ng'ombe zikiwa bado ukutani. Wazo lake lilikuwa rahisi na zito: Biblia isomwe mahali ilipozaliwa, kwa lugha zake, na huku miguu ikikanyaga mawe na mchanga wake. Mwaka 1892 akaanzisha jarida la Revue biblique, linaloendelea mpaka leo. Mwaka 1897, kwenye kongamano la Fribourg, alisema wazi kwamba Mkatoliki anaweza kukubali vyanzo mbalimbali katika Torati bila kupoteza imani katika uvuvio wa Roho Mtakatifu. Mungu, alisema, aliwatumia waandishi jinsi walivyokuwa, na desturi za uandishi za zama zao.

Usimchanganye na Loisy. Lagrange alisali, alitii, na alimpinga Loisy kwa maandishi. Hata hivyo alitazamwa kwa jicho lilelile. Alikuwa ameandaa ufafanuzi wa Kitabu cha Mwanzo, hakuruhusiwa kuuchapisha. Akageukia Agano Jipya, akaandika juu ya Marko. Tarehe 29 Juni 1912 idara moja ya Roma ikatoa amri kwamba maandishi yake kadhaa yaondolewe katika mafunzo ya seminari. Akamwandikia Papa barua ya utii, akafungasha, akaiacha Yerusalemu. Mwaka uliofuata aliruhusiwa kurudi, naye akaendelea na kazi kimya, kitabu baada ya kitabu: Luka mwaka 1921, Mathayo 1923, Yohane 1925. Mwaka 1938, mwaka aliofariki, jarida lake lilichapisha makala yake kuhusu Musa na Kitabu cha Mwanzo. Alikuwa amesubiri miaka 30 kurudi kwenye lile swali alilozuiwa. Nikimfikiria mzee huyo akishika tena karatasi zile na umri wa miaka zaidi ya 80, siwezi kuliita jambo hili mjadala wa kitaaluma tu. Leo mchakato wa kumtangaza mwenyeheri umefunguliwa, na masalia yake yapo Yerusalemu, katika kanisa la Mtakatifu Stefano.

Ile tume ya kitabu cha paroko ilizaliwa katikati ya vurugu hii. Leo XIII aliiunda mwaka 1902 ili isaidie utafiti. Chini ya Pius X ikawa chombo cha kutoa hukumu. Baada ya Torati mwaka 1906 ilifuata Injili ya Yohane mwaka 1907, Isaya 1908, sura za kwanza za Mwanzo 1909, na nyingine. Hata jibu la 1906 halikuwa gumu kama linavyosimuliwa: liliruhusu kwamba Musa alitumia vyanzo, kwamba aliwapa makatibu kazi ya kuandika, na kwamba baadaye mambo fulani yaliongezwa. Mlango ulikuwa umefungwa, ila si kwa kufuli. Mwambie paroko asome na mistari hiyo.

Lakini mwaka 1907 hali ikawa ngumu zaidi. Julai ilitoka orodha ya kauli 65 zilizokataliwa. Septemba ukatoka waraka Pascendi, uliozikusanya fikra hizi zote chini ya jina moja, Umodernisti, na kuziita mkusanyiko wa uzushi wote. Kila jimbo likatakiwa kuwa na kamati ya kuchunguza. Novemba Papa akatangaza kwamba maamuzi ya Tume ya Biblia yanamfunga kila mtu katika dhamiri. Tarehe 1 Septemba 1910 kikaja kiapo dhidi ya Umodernisti, cha lazima kwa mapadre, maparoko na walimu wa seminari. Monsinyori mmoja, Umberto Benigni, akaunda mtandao wa siri wa kuwapeleleza wasomi na hata maaskofu. Benedikto XV hakuupenda, na ulivunjwa mwaka 1921. Huko Uingereza, mwaka 1909, Mjesuiti wa zamani George Tyrrell, aliyekuwa amezuiwa kupokea sakramenti kwa sababu ya maandishi yake, alifariki, na hakupewa maziko ya Kikatoliki. Rafiki yake padre Henri Bremond alisali kwenye kaburi lake, na kwa kosa hilo akasimamishwa upadre kwa muda. Kumwombea marehemu!

Kile kiapo kilidumu hadi 1967. Hesabu miaka: 57. Kiliwahusu pia mapadre wetu, kuanzia wale wawili wa kwanza wa Uganda waliopewa daraja mwaka 1913, Bazilio Lumu na Victor Mukasa, na waliowafuata Tanganyika, Kenya, Rwanda na Kongo. Vizazi vya kwanza vya mapadre wazalendo wa nchi hizi waliingia altareni wakiwa wameapa. Kwa hiyo ukimwona padre mzee anatetemeka akisikia neno "uhakiki", usimwone mjinga. Aliyemfundisha yeye, au aliyemfundisha mwalimu wake, aliweka mkono juu ya Injili na kuapa.

Mageuzi yalikuja vipi? Mwaka 1941 padre mmoja wa Italia aliwatumia maaskofu kijitabu kisichotaja jina la mwandishi, akiwashambulia wanaosoma Biblia kisayansi. Safari hii Tume ya Biblia, ileile, ikawatetea wasomi. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Septemba 1943, Pius XII akatoa waraka Divino Afflante Spiritu. Aliwaagiza wafafanuzi wachimbe lugha za asili, wachunguze aina za uandishi za Mashariki ya kale, waulize mwandishi yule alikusudia kusema nini kwa watu wake. Akawaonya waamini wasidhani kwamba kila jambo jipya lazima lipingwe au litiliwe shaka. Mwaka 1948 Tume ikamwandikia Kardinali Suhard wa Paris barua ambayo paroko wako anapaswa kuiona: inasema kwamba siku hizi hakuna anayetilia shaka kuwapo kwa vyanzo katika Torati, wala anayekataa kwamba sheria za Musa ziliongezeka polepole kufuatana na hali za nyakati za baadaye. Mwaka 1955 katibu wa Tume, Athanasius Miller, akaandika kwamba isipokuwa pale imani na maadili vinapoguswa, wasomi wana uhuru kamili mbele ya yale maamuzi ya mwanzo wa karne.

Zingatia namna ilivyofanyika. Maamuzi ya 1906 hayakufutwa kwa tangazo. Yaliachwa yazeeke kwenye rafu, na maelezo ya katibu yakatokea katika jarida la wataalamu huko Ujerumani. Katekista wa Sumbawanga au wa Bukavu angeyajuaje?

Wala vita haikuisha. Mwaka 1962 Wajesuiti wawili wa Taasisi ya Biblia ya Roma, Stanislas Lyonnet na Maximilian Zerwick, walizuiwa kufundisha ufafanuzi. Walirudi darasani mwaka 1964 chini ya Paulo VI. Mwezi Novemba 1962 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ambao Kardinali Laurean Rugambwa wa Bukoba alikuwa mmoja wa mababa zake, uliletewa rasimu kuhusu vyanzo vya Ufunuo iliyoandikwa kwa roho ya zamani. Tarehe 20 ikapigwa kura: 1,368 walitaka mjadala wa rasimu hiyo usimamishwe, 822 walitaka uendelee. Theluthi mbili hazikutimia, kwa hiyo kikanuni wachache walikuwa wameshinda. Kesho yake Yohane XXIII aliingilia kati, akairudisha rasimu iandikwe upya na tume yenye watu wa pande zote mbili. Kazi ile ilichukua miaka mitatu. Tarehe 18 Novemba 1965 Hati ya Kidogma juu ya Ufunuo, Dei Verbum, ilipita kwa kura 2,344 dhidi ya 6.

Ukipata nakala, soma namba 11: Maandiko yanafundisha bila kosa ile kweli ambayo Mungu alitaka iandikwe kwa ajili ya wokovu wetu. Soma namba 12: anayetaka kuelewa alichokusudia Mungu sharti achunguze mwandishi alikusudia nini, kwa aina gani ya uandishi. Na namba 10, ambayo naipenda kuliko zote, inasema kwamba Mamlaka Fundishi ya Kanisa haiko juu ya Neno la Mungu bali inalitumikia.

Sasa swali lako la pili, ambalo kusema kweli ndilo la kwanza. Kama Kanisa lilikosea pale, je, tuliaminije katika mengine?

Jibu langu: ndiyo, Tume ile ilikosea, na silipambi neno. Aliyelisema vizuri kuliko mimi ni Kardinali Joseph Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto XVI. Mwaka 2003, Tume ilipotimiza miaka 100, alikiri kwamba kwa maamuzi yale Mamlaka Fundishi ilitanua kupita kiasi eneo la mambo ambayo imani inaweza kuyathibitisha. Hakuwa anazungumza kwa mbali. Mwalimu wake wa Agano Jipya huko München, Friedrich Wilhelm Maier, alipoteza kiti chake cha ualimu kwa ajili ya amri ileile ya 1912 iliyompata Lagrange. Kosa lake lilikuwa kufundisha kwamba Marko alitangulia kuandika na kwamba Mathayo na Luka walimtumia, jambo ambalo leo limo katika utangulizi wa Biblia nyingi za Kikatoliki.

Tazama kosa lenyewe lilikuwa la aina gani. Kanisa lina mamlaka ya kutuambia kwamba Mungu ndiye Muumba, kwamba aliwatoa watu wake utumwani, kwamba Kristo amefufuka. Hayo hayakubadilika, kabla ya 1906 wala baada yake. Lakini nani alishika kalamu, karne gani, akitumia vyanzo vipi: hayo ni maswali ya ushahidi, na ushahidi hausikii amri. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa mstari mmoja tu, 1 Yohane 5:7, yale maneno ya mashahidi watatu mbinguni. Hati za kale za Kigiriki hazina maneno hayo. Mwaka 1897 Ofisi Takatifu ya Roma, idara ya kulinda mafundisho ya imani, ilijibu kwamba si salama kukanusha uasili wake. Mwaka 1927 ikafafanua kwamba wasomi wako huru kuchunguza na hata kuukataa. Fundisho la Utatu halikupungukiwa na kitu, kwa sababu halikuwahi kusimama juu ya mstari ule.

Kwa hiyo ukiulizwa na wakatekumeni, usiwaambie kwamba Kanisa halijawahi kukosea katika maamuzi yake ya kila siku. Watu wazima hawadanganyiki, na vijana wana simu. Waambie kwamba si kila karatasi iliyotoka Roma ina uzito mmoja. Kuna Kanuni ya Imani tunayoikiri Jumapili, na kuna maamuzi ya tahadhari ya wakati fulani. Maamuzi ya Tume ya Biblia yalikuwa ya aina hii ya pili, na hayakuwahi kutolewa kama mafundisho yasiyoweza kukosea.

Niongeze upande wa pili wa mizani, maana wasomi nao ni watu. Ile nadharia ya nyaraka nne ya Wellhausen, ambayo wengine waliibeba kama Injili ya tano, imepigwa nyundo tangu miaka ya 1970 na wahakiki wenyewe, na leo hawakubaliani ni vyanzo vingapi wala vya lini. Kwa hiyo usimfundishe mkatekumeni herufi ambazo wasomi huzitumia kuzitaja nyaraka hizo, wala tarehe zake, kana kwamba ni dogma. Na usichanganye kisa hiki na visa vingine vya wasomi na Roma. Hans Küng alipopokonywa ruhusa ya kufundisha teolojia ya Kikatoliki tarehe 18 Desemba 1979, ubishi ulikuwa juu ya kutokukosea kwa Papa, yaani juu ya fundisho lenyewe la Kanisa. Pale mamlaka ilikuwa katika eneo lake, hata kama unaweza kubisha juu ya namna ilivyotenda.

Kinachobaki ni wewe na paroko. Rudi kwake, na usiende na ushindi mkononi. Mwombe radhi kwa jambo moja: ulizungumza na wakatekumeni kabla ya kuzungumza naye. Hilo ni kosa la adabu ya kazi, na ukilikiri atakusikiliza. Kisha umwombe msome pamoja Dei Verbum namba 12, na ile barua ya 1948. Usimwambie kwamba kitabu chake ni cha uongo. Mwambie kwamba tume iliyoandika maneno ya 1906 ndiyo iliyoandika na maneno ya 1948.

Na wakatekumeni usiwaanzie na "Musa hakuandika". Mwanafunzi wangu mmoja wa seminari, siku nilipowafundisha haya kwa pupa, alisimama akaniuliza: "Sasa homilia nitahubiri nini?" Alikuwa karibu kulia, na nilijua kosa ni langu, nilikuwa nimebomoa kabla ya kujenga. Siku hizi naanza na watumwa wanaotoka Misri, na watu wanaokaa usiku kuzunguka moto wakisimuliana jinsi Mungu alivyowavusha bahari, wazee wakiwapa wajukuu, makuhani wakiandika sheria, waandishi wakizikusanya habari baada ya Yerusalemu kuteketezwa na watu kupelekwa Babeli ili zisipotee. Sisi tunaojua masimulizi ya mababu hatuhitaji kufafanuliwa sana namna neno linavyoweza kuwa la ukoo mzima na bado likabeba jina la babu mmoja.

Halafu, wakisha kulipenda simulizi, wasomee Kumbukumbu la Torati sura ya 34 mpaka penye kaburi lisilojulikana. Waulize: nani anatusimulia haya? Uwaache wajibu wenyewe. Na ukishazungumza na paroko, niandikie unijulishe alisemaje.